Springi za Karangwa na Kibuyu cha Siagi

Ukifika Karuba ukamuulizia Karangwa, utaulizwa: yule mwenye ng'ombe au yule mwenye gari? Ni huyo huyo mmoja. Ng'ombe wake wanamtii na gari halimtii, lakini anachokipenda zaidi ni gari. Ni pikapu ya zamani, ya rangi ya kahawia, na ameipa jina la ng'ombe: Bihogo. Ndiyo iliyomleta mkewe Libérata hapa akiwa bibi harusi. Basi binti yao Mukundwa alipochumbiwa na kijana wa Mushaki, Karangwa aliapa kwamba na yeye ataondoka na Bihogo, baba yake akiwa kwenye usukani.

Shida ilikuwa kiuno cha Bihogo. Springi za nyuma, zile bapa za chuma zinazopangwa moja juu ya nyingine, zilikuwa zimelala mpaka bodi likagusa matairi. Karangwa hakuita fundi, kwa sababu Karangwa anajua kila kitu. Aliinua gari kwa magogo, akagonga boliti zenye kutu mpaka majirani tukafunga madirisha, akazitoa springi zote mbili. Kasika, mtu wa Butembo mwenye duka hapa kwetu, alimpa bapa nene kutoka gari lake la mizigo lililochakaa kwenye njia ya Hombo.

"Papa Karangwa, hizi njo za kubeba simenti," alimwonya. "Weka moja kila upande. Ukiweka zote, gari itakuwa nguvu sana."

"Gari ya nguvu njo niko natafuta!"

Akaweka zote. Ikabaki kuzipaka grisi katikati ili zisipige kelele. Ilikuwa Jumapili, duka limefungwa, Kasika yuko misani. Nyuma ya mlango wa jikoni palikuwa na kibuyu cha siagi ambayo Libérata alikuwa ameisukasuka kwa mikono yake tangu mvua zianze. Kwao bibi harusi haingii kwa wakwe kabla hajapakwa siagi ya mama yake. Karangwa alichota kidogo tu. Bapa zilikuwa nyingi. Akachota tena.

Asubuhi ya harusi Libérata alishika kibuyu, akakiona chepesi. Alitoka nje, akamkuta mbwa wa jirani chini ya Bihogo, analamba. Hakupiga kelele, na hapo ndipo tulipojua mambo yameharibika.

"Papa Mukundwa, mutoto atapanda jeep ya Kasika," alisema. "Wewe beba maziwa na Bihogo yako, muende peke yenu."

Karangwa alipakia bidoni, yale madumu ya mdomo mpana, zenye maziwa mgando ya wageni. Nilipanda naye kwa kumhurumia, na pia kwa sababu jeep ilikuwa imejaa. Njia nzima alifuta macho akisingizia vumbi, na mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Bihogo alisimama mkia juu. Maziwa hayakuwa mzigo wa kuziinamisha springi zile, kwa hiyo kila jiwe lilipanda moja kwa moja mpaka kwenye meno yetu, na bidoni nyuma zikarukaruka hadi Mushaki.

Baada ya misa, nje ya kanisa, Libérata alifungua bidoni moja kukagua maziwa kabla ya kwenda kwa wakwe. Akatumbukiza mwiko, ukatoka na donge la manjano. Akafungua ya pili, donge lingine. Karangwa alikuwa amejificha nyuma ya gari.

"Papa Mukundwa! Maziwa uliifanya nini?"

"Mimi nilikuwa naendesha tu, Mama."

Libérata alitazama bidoni, akatazama zile springi nene, akacheka mpaka akashika bodi asianguke. "Mikono yangu iliuma bure. Kumbe gari iko najua kusukasuka!"

Kibuyu alikuwa nacho, kitupu, maana aliona aibu kufika mikono mitupu. Alikijaza siagi ile palepale, akampaka binti yake mikononi na kwenye paji la uso, huku machozi yakimtoka. Mukundwa alikunja gauni lake jeupe, akaipita jeep yenye mariboni, akafungua mlango wa Bihogo. Mimi, niliyekuwa nimeshakaa, nikaamriwa nishuke.

Karangwa alikuwa analia waziwazi, na safari hii hakusingizia vumbi.

"Papa, twende," Mukundwa alimwambia. "Lakini polepole. Siagi imetosha."