Beseni la Mezani kwa Pelagia

Pelagia Magesa, mzaliwa wa Mugango, amechuna minofu ya sangara kwa miaka mingi katika kiwanda kimoja cha samaki pale Musoma. Mezani kwao walikuwa wanawake sita. Aliyewahi kumaliza alimsogelea mwenzake akamsaidia, na kisu kikiwa butu, kinoo kilipita mkono kwa mkono.

Kisha akaja msimamizi mpya, Makongoro. Kila mmoja akapewa beseni lake, likapimwa peke yake, majina yakabandikwa ukutani kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Pelagia alikuwa wa kwanza. Mwanzoni alifurahi, hata nyumbani akatamba. Lakini punde akaona kinoo kinafichwa ndani ya buti. Sangara wakubwa wakawa wa kugombaniwa. Wale wadogo wasio na nyama akasukumiwa mwenzao Dorah, aliyekuwa mjamzito na mzito wa mikono.

Asubuhi moja kisu kilimteleza Dorah, kikamchana kiganja. Hakuna aliyesimama. Pelagia mwenyewe alimalizia samaki aliyekuwa naye, ndipo akashtuka, akatupa kisu na kumkimbiza kwenye huduma ya kwanza. Aliporudi, alibeba beseni lake akalimwaga lote ndani ya la jirani yake, Agness.

"We Pelagia, una wazimu?" Agness akauliza.

"Wazimu ni huu tuliokuwa nao. Mwageni na nyie."

Wakatazamana. Mama Boke, mkubwa wao kwa umri, akamwaga. Wengine wakafuata.

Makongoro akaja mbio. "Sasa nitajuaje nani mvivu?"

"Hapa hatukuwaga na mvivu, bosi. Tulikuwaga na mgonjwa, tunambeba."

"Nitakutoa mezani."

"Nitoe. Ila hiyo minofu huwezi kuitenganisha tena."

Siku hiyohiyo alipelekwa kuosha sakafu, kwa malipo pungufu. Kesho yake wenzake walimwaga tena pamoja. Makongoro akafoka, akatishia kuwafukuza. Wao wakaendelea kuchuna. Gari la barafu lilikuwa linasubiri mzigo. Akapima minofu yote kwa pamoja, na tangu hapo ndivyo anavyopima.

Dorah amejifungua, amerudi kazini. Pelagia bado yuko sakafuni. Mwezi uliopita Makongoro alimwambia kwamba akiomba radhi atarudishwa mezani.

"Radhi ya kosa gani, bosi?" Pelagia aliuliza, brashi mkononi. "Hebu sogea kidogo, hapo uliposimama sijasugua."