Chapati ya Meza ya Bwana

Juzi nilienda Kabiro, mtaani Kawangware, kutafuta chumba. Shahada ninayo, kazi bado, na huko ndiko ninakoweza kumudu. Nikakuta kanisa letu la mabati limegeuka ghorofa, na nguo za watu zimeanikwa pale ilipokuwa madhabahu. Nilisimama nikiwaza mengi kupita kiasi, kama kawaida yangu. Kisha mtu akaanza kupika chapati mahali fulani, na harufu ile, rafiki yangu, ikanirudisha kwa nyanya yangu.

Tulihamia hapo kutoka Kambi Muru, kule Kibera, baada ya moto. Stovu ya jirani ililipuka, nyumba zikashika moja baada ya nyingine. Babu alikuwa ameshatoka nje salama, akarudi ndani kumtoa mtoto wa jirani. Mtoto alipitishwa dirishani akiwa hai. Babu hakutoka. Kanisa la Kabiro likatupokea sote, sisi na jirani na mtoto wake, likatutafutia vyumba kwenye ploti moja.

Mkate wa Meza ya Bwana kwetu ulikuwa chapati, kwa kuwa haina hamira, na mpishi wake alikuwa huyo jirani. Sisi watoto tulikaa nyuma tukimeza mate, tukiomba vipande vibaki. Lakini sahani ilipomfikia nyanya, aliipitisha bila kuigusa, kila mara.

"Nyanyako ni mtu wa aina gani?" mwenzangu aliniuliza. "Nani hukataa chapo?"

Watu wazima walinong'ona kwamba ameshindwa kumsamehe jirani. Pasta alipohubiri kwamba mmoja alikufa ili wengine waishi, kanisa zima liliitikia amina, na nyanya alitazama mikono yake tu. Nami niliona jambo ambalo sikumwambia mtu: jirani naye hakula. Alipika, akapitisha.

Kisha jirani akaugua, akawa hainuki kitandani. Nyanya alikanda unga bila kumwambia mtu, akaenda chumbani kwa jirani, nami nikimfuata, akawasha stovu. Tangu ule moto alikuwa akipikia makaa tu. Chumba kilijaa harufu ya mafuta ya taa, lakini hakuizima. Chapati ilipoiva, akaimega.

"Kula."

"Mama, mimi sistahili."

"Sijakuuliza kama unastahili. Nimesema kula."

Jirani akala huku akilia. Alipopona, Meza iliyofuata alichukua kipande chake kama wengine. Sahani ikamfikia nyanya. Kanisa zima lilikuwa likimtazama. Akaipitisha.

Siku hiyo, tukichagua maharagwe mlangoni, nilimuuliza kama kweli amemsamehe jirani.

"Huyo nilimsamehe kitambo."

"Sasa mbona huli?"

Alitoa mawe kwenye ungo, akayatupa, akatoa mengine.

"Babu yako alikuwa amenishika mkono, tuko nje tayari," alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia, mtoto analia, rudi."

Nilimwambia kwa haraka yale niliyofundishwa na mwalimu wa shule ya Jumapili, kwamba damu ya Yesu inafuta yote, hata hayo. Hakubisha.

"Najua," akasema. "Hata mimi huwaambia watu hivyo."

Miaka ilipita, nyanya akaendelea kupitisha sahani, na watu wakaendelea kumhesabu miongoni mwa wasiosamehe. Hakuwasahihisha, nami nikaogopa kutoa siri yake. Siku hizi kanisa halipo, jirani alirudi kwao, na harufu niliyoisikia juzi ilitoka jikoni kwa mtu nisiyemjua.

Nyanya tulimzika ushago, kijijini kwetu, kando ya babu. Pasta alisafiri nasi usiku kucha, akatangaza kaburini kwamba dada yetu amesamehewa dhambi zake zote, na watu wakaitikia amina. Niliitikia pia. Lakini nilitamani mtu angekuwa amemshika mkono alipokuwa hai, akamwekea kipande kiganjani, na kumfumba vidole.