Sahani Yenye Kifuniko

Nilizaliwa Kilwa. Si ile ya pwani yenye magofu; yetu ni kisiwa katika Ziwa Mweru, upande wa Zambia, na mtalii pekee niliyewahi kumwona huko alikuwa amepotea. Wazazi wetu walivuka kutoka Kongo na imani yao, wakajenga kijiji mbali na vijiji vya wavuvi, wakavaa nguo nyeupe, wakaoa wake wengi. Kwa kipimo cha jumuiya, baba yangu alikuwa mtu wa kiasi. Alikuwa na wake watatu tu.

Sheria zilikuwa nyingi, lakini iliyonikera zaidi ni ya vyungu. Mtoto akishaachishwa ziwa, haruhusiwi tena kula chakula cha mama yake mzazi. Watoto wa mke mkubwa walikula kwa mke wa pili, wa mke wa pili kwa wa tatu, na wa tatu kwa mkubwa. Mwanzilishi wetu alioteshwa hivyo ili wivu ufe: ukimpunja mtoto wa mwenzio, wako naye yuko mahali anapunjwa. Leo, baada ya chuo kikuu, nakiri kwamba sijakutana na nadharia ya uchumi inayonyooka kama hiyo. Wakati ule niliona ni upuuzi. Mama yangu alikuwa wa pili, kwa hiyo mimi na wadogo zangu tulikula kwa mama mdogo, yule mke wa tatu, hatua kumi na mbili kutoka mlangoni petu, tumezunguka sinia moja.

"Baba," nilimwuliza siku moja, "ile ndoto ilionyesha nani anaosha vyombo?"

"Wewe," akajibu.

Aliyenitesa hasa ni kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, ambaye alikula kwa mama yangu. Kila jioni alitoka pale akilamba vidole. "Yee! Bukari ya mama yako!" Ndivyo tunavyoita ugali. "Laini, na kwenye samaki ameweka karanga. Pole, dada."

Wazee walinipeleka shule Nchelenge kwa sababu jumuiya ilihitaji mtu wa kusoma barua za ofisi ya uvuvi. Kosa lao ni kwamba anayejua kusoma barua husoma na vitu vingine. Nilipopata nafasi ya chuo kikuu Lusaka, walikaa kikao siku mbili. "Shule tulikutuma sisi," wakasema. "Hii unajituma mwenyewe. Anayejituma anatoka vyunguni. Akirudi, atarudi kama mgeni."

Nilipaswa kulia. Lakini mgeni huruhusiwa kula popote, na mimi nilisikia hilo tu.

Asubuhi ya kuondoka, boti ya Kashikishi ikiwa tayari ufukweni, mama alinitengea chakula kwa mara ya kwanza tangu niachishwe ziwa. Nikamega. Ndani ya ugali kulikuwa na mabonge ya unga mkavu. Samaki alikuwa chumvi tupu. Mama alinikazia macho mdomoni.

"Iko namna gani?"

Nikaangua kicheko.

"Unacheka nini?"

"Namcheka kaka. Alisema unaweka karanga."

"Karanga? Miye?" Mama akashangaa. "Ule mutoto anamaliza kila siku, anaomba tena. Nilifikiri anapenda."

Nilimaliza yote, mabonge na chumvi, nikaomba tena.

Nilipotoka, miguu ilinipeleka yenyewe zile hatua kumi na mbili. Wadogo zangu walikuwa wameshazunguka sinia. Nikachuchumaa mahali pangu, lakini mama mdogo akanishika mkono.

"Apana. Pale si pako tena."

Akaniwekea kigoda kando, na juu ya kigoda kingine sahani ya maua yenye kifuniko. Nilikula kwenye moto wake utoto wangu wote, na sikuwahi kupewa kifuniko.

"Mama mdogo, juu ya nini unaniweka kando?"

"Mugeni hakuli na batoto. Ni sheria."

"Na wewe unaionaje?"

"Miye sikuulizwa."

Kweli. Nilikuwa nimemhoji baba, wazee, mwanzilishi na ndoto yake. Yeye, aliyenilisha, sikuwahi kumwuliza chochote.

Nilifunua sahani. Ndani kulikuwa na kichwa cha samaki, kile ambacho alizoea kutugawia vipande ili tusigombane. Nikainuka, nikakimimina chote katikati ya sinia. Wadogo zangu hawakungoja uamuzi wa wazee.

"Wee mutoto!" mama mdogo alifoka. Kisha akageukia moto, akawa anachochea kuni ambazo zilikuwa zinawaka vizuri tu.

Wadogo wakajibana. Nikaingiza mkono. Ufukweni mwenye boti alikuwa anapiga kelele kwamba anaondoka, na tumbo langu lilikuwa limejaa mabonge ya mama, lakini nilikula hadi tukaona chuma cha sinia.

Halafu nikaliosha. Boti ikasubiri.