Justina na Mlango wa Kurudi

Mwanangu Justina alisomea ualimu, akapata kazi dukani. Mwaka 1999 mzee Pranlal, mwenye duka la zana za machimbo pale mtaa wa Kambarage, alimwambia atengeneze ukurasa wa intaneti, ili mtunza stoo wa kambi moja ya machimbo ya Bugarama aagize vifaa bila kusafiri.

"Ijumaa Eustace, yule mtunza stoo, atajaribu mwenyewe," mzee alisema. "Akishindwa, tunafunga, na wewe binti tutaagana kwa amani."

Usingizi ukanipaa. Amani ya namna hiyo mtoto ataila na nini?

Alhamisi Justina akanivuta dukani mpaka mbele ya kompyuta. "Mama, tafuta sururu."

"Nikiiharibu?"

"Haiharibiki. Tafuta."

Bidhaa zilipangwa kwa majina ya viwanda vilivyozitengeneza, kama mzee alivyotaka. Nikabonyeza, nikatokea kwenye pampu. Nikabonyeza tena, mabomba. Jasho likanitoka. Nikainuka, nikatoka hadi barazani, nikapiga hodi.

Pranlal alicheka mpaka miwani ikamdondoka. "Mama Justina, unapigia hodi mashine?"

"Nimepotea, mzee. Ukipotea kwenye nyumba ya watu si unarudi mlangoni?"

Justina hakucheka. Alikuwa ameinamia kompyuta.

"Chuoni walitufundisha mwanafunzi akiogopa hajifunzi," alisema. "Na jambo jipya lianzie kwenye analolijua."

Hadi jioni kila ukurasa ulikuwa na maandishi juu: *Rudi mlangoni*. Ule wa kwanza ulikaribisha mtu, kisha ukamuuliza anataka kufanya kazi gani: kuchimba, kuvuta maji, au kupika kambini. Sururu niliiona palepale, kwenye kuchimba.

"Viwanda vyangu viko wapi?" mzee aling'aka.

"Vipo ndani, mzee. Mgeni kwanza akaribishwe."

Ijumaa nilikwenda dukani, eti kununua msumari. Kompyuta ilikaa kimya. Pranlal akatazama saa, Justina akauma kucha, mimi nikasali kimoyomoyo. Mwishowe oda ikaingia: sururu, mabomba, sufuria kubwa. Chini Eustace aliandika: "Nilipotea kwenye pampu, nikarudi mlangoni. Wasalimieni nyumbani."

Pranlal aliisoma, akaisoma tena.

"Jumatatu uwahi, binti. Tutaweka na vifaa vya wateja wa Geita."

Kisha akanigeukia. "Na wewe Mama Justina, huo msumari umeushika tangu asubuhi. Unajenga nini?"

"Bado nachagua," nikamjibu.