Makande ya Msaragambo

Miaka ile ya Ujamaa baba yangu alipenda kuitwa mkulima wa kisasa. Shamba letu la maharage huko Mamba lilikuwa mlimani, juu ya ndiva, bwawa la kukusanyia maji ya kumwagilia, na waliolima juu ya ndiva walikuwa na masharti yao: samadi na majivu, basi. Maji yale yaliteremka kwenye mashamba ya kila mtu. Masharti hayo hayakuandikwa popote, na watu waliyashika kuliko yaliyoandikwa. Baba alisema ni mambo ya kizamani.

Viwavi walipoyavamia maharage, alishuka mjini Same akarudi na mfuko wa dawa ya unga, akainyunyiza shamba zima. Viwavi waliisha kweli, naye akatembea kifua mbele. Tulipomaliza kuvuna ikanyesha mvua kubwa, na asubuhi yake vyura walielea ndivani matumbo juu.

Hakukuwa na kikao wala faini. Ililia pembe ya msaragambo, kazi yetu ya pamoja, watu wakaja na majembe kuikausha ndiva na kukomba tope. Walimsalimia baba kama kawaida. Afadhali wangetutukana, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kwa desturi, aliyesababisha kazi huwalisha waliofanya. Wakila, yamekwisha, hakuna atakayelitaja kosa lile tena. Kwa hiyo mama alipika makande, mahindi na maharage, sufuria kubwa la msibani, akayabeba na wenzake wawili hadi pale.

Watu walinawa, wakakaa, wakafungua ndizi walizotoka nazo nyumbani. Jirani yetu mmoja, bibi mtu mzima, akamwambia mama kwa upole, "Tumeshiba, mwanangu." Alisema hivyo kabla hajatia kitu mdomoni.

Ndipo nilipokumbuka maharage ya sufuria lile yalitoka shamba gani.

Baba alijipakulia sahani ikajaa, akala amesimama mbele yao. Wote walitazama pembeni. Nilimwonea aibu baba yangu, na nikajionea aibu mwenyewe kwa hilo. Kisha akapakua nyingine, akaninyooshea mimi, binti yake wa pekee.

"Kula, waone."

Mama aliichukua ile sahani kabla sijaipokea. Yeye ndiye aliyepika.

"Huyu hali," alisema.

Baba, mdomo ukiwa bado umejaa, akaacha kutafuna.