Faili la Chai

Mke wangu alikuwa karani wa masjala miaka thelathini na moja. Watu walimwita Mama Masjala. Kazi yake ilikuwa kupokea mafaili na kuyafikisha kwa wenyewe, la ardhi kwa afisa wa ardhi, la maji kwa afisa wa maji. Alisema faili halina mdomo. Likifika kwa asiyehusika, litakaa mezani hadi livae vumbi.

Mimi ni seremala. Shule sikuiona hata dirishani. Herufi alinifundisha yeye, ukubwani, kwa chaki kwenye mbao zangu.

Alipostaafu alirudi na kompyuta kuukuu ya ofisini. Mwaka wake wa mwisho, miguu ilipomkatalia, alikaa mbele yake akirekodi mambo ya nyumba. Namna ya kufua mapazia. Ufunguo wa kabati uko wapi. Mjukuu gani anavaa kiatu namba gani.

"Nani atasikiliza hayo?" nikamuuliza.

"Wewe, mzee. Hata chumvi hujui inakaa wapi."

Kila sauti ilikuwa na picha ya tarumbeta. Gonga mara mbili, anaongea. Kile kitufe kirefu cha chini, gonga, ananyamaza, gonga tena, anaendelea. Neno moja la kigeni alinifundisha, lile la kuhifadhi. "Faili likifunguliwa lisifungwe bila kuhifadhiwa." Ndiyo iliyokuwa sheria yake.

Tangu tulipomzika, kila asubuhi nilifungua ya kwanza, ya chai. Chai najua kupika. Nilikuwa namsikiliza tu.

Mwezi uliopita akaja mkwe wangu, mume wa binti yetu, kuisafisha kompyuta. "Baba, imejaa takataka za zamani, ndiyo maana inajikokota." Akatoa hiki na kile, akaondoka na furaha yake.

Kesho yake tarumbeta hazipo. Karatasi nyeupe tupu, zote sura moja. Nikagonga ya kwanza. Kikaja kisanduku cha maandishi ya kigeni na picha kadhaa. Nikaelewa naulizwa faili lipelekwe kwa nani. Nikatafuta tarumbeta, wapi! Nikaona picha ya daftari. Nikajiambia, mwanamke huyu alikuwa mtu wa karatasi. Nikachagua daftari.

Kioo kikajaa alama zisizosomeka, kama misumari iliyomwagika. Nikagonga kitufe kirefu ili aongee. Kimya. Nikagonga tena na tena, kwa hasira. Nilipotaka kufunga, kikaja kisanduku kingine, na humo nikaliona neno langu, lile la kuhifadhi. Nikalibonyeza.

Ya pili ikamwaga misumari vilevile. Nikazima.

Nikampigia mkwe.

"Umefuta sauti ya mama yako."

"Baba, sijafuta faili hata moja! Nimetoa programu tu."

"Tofauti yake nini?"

Akaanza kueleza. Nikakata simu.

Siku nne sikuigusa. Chai pia sikupika. Siku ya tano nikaibeba hadi kwa Bi Chapa, mama mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala. Alimjua marehemu. Nikamweleza yote, akatazama.

"Mzee, faili la ardhi umempelekea afisa wa maji," akasema. "Daftari linasoma maandishi, sauti haliwezi. Ona huu mkia wa jina, hapa baada ya nukta. Kompyuta inatazama mkia, kisha inatafuta nani mwenye kazi hiyo. Ulijibu daftari, ikashika neno lako kwa zote."

"Mimi?"

"Wewe. Mkwe kamfukuza afisa, wewe ukaajiri mwingine. Tena bila usaili!"

Sikucheka.

Akarudisha programu ya tarumbeta. Akafungua orodha ya aina za mafaili, akatafuta ule mkia, akauelekeza kwa tarumbeta. Picha zikarudi zote kwa mpigo. Akagonga ya pili.

"Mapazia usiyaloweke na mashuka, mzee, yanachuja rangi."

Nikashika ukingo wa meza.

Akagonga ya kwanza. Kimya. Akarudia. Akanigeukia.

"Hii uliifanya nini?"

"Niliihifadhi."

"Kabla ya hapo hukubonyeza kitu?"

"Kitufe kirefu. Mara nyingi."

Akashusha pumzi. "Kwenye daftari kitufe hicho kinaandika nafasi tupu. Uliandika ndani ya sauti, mzee. Ulipohifadhi, daftari likaiandika upya yote kwa lugha yake. Hii haitafunguka kwa afisa yeyote. Kuna nakala nyingine?"

"Hakuna."

"Niifute basi?"

"Iache. Faili la masjala halitupwi."

Nilishika sheria yake, nikamnyamazisha mimi mwenyewe. Hilo halinitoki.

Nyumbani nilimkuta mkwe ameketi kizingitini.

"Shikamoo, baba. Zimepona?"

"Zote. Isipokuwa ya chai."

Akainamisha kichwa. "Nisamehe, baba. Ilikuwa inasemaje?"

Nikamwambia. Maji kwanza. Majani usiyaonee huruma. Na usinywe umesimama, kwani nani anakufukuza?

Maneno yalikuwa yaleyale. Nikayasema tena, polepole, kama alivyokuwa akiyasema yeye.

Sauti haikufanana.