Numbi ndani ya Mtumbwi wa Mihogo

Marehemu mume wangu, Séraphin Kisimba, alikuwa mwalimu katika shule ya misheni ya watoto wa wafanyakazi wa reli hapa Kamina. Mpaka leo wapo wanaosema alihamishwa kwa sababu ya ulozi. Nimechoka kuwajibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika.

Mwaka wa 1953 alitakiwa afundishe maisha ya Waviking, watu wa zamani wa kaskazini ya Ulaya. Asubuhi alikuwa darasani, mchana kwenye shamba la shule, jioni katekisimu, na uchovu ulikwisha kumwingia mifupani. Hata hivyo hakupenda watoto wakariri tu. Alinunua samaki wakavu wa ziwa Kisale, akawaeleza kwamba Waviking nao walikausha samaki kwa upepo, walifua chuma, na wakati wa baridi walilala nyumba moja na ng'ombe wao.

"Mwalimu, kumbe Bazungu nabo balikuwa bananuka!"

"Walioga kila Jumamosi, Émile. Wewe je?"

Darasa zima likacheka. Kisha wakauliza mkuu wa Waviking alizikwaje. Akajibu: ndani ya chombo chake cha majini, pamoja na vitu vyake.

Nyuma ya shule palikuwa na mtumbwi mkuukuu ambamo majirani walilowekea mihogo. Wakati wa mapumziko watoto wakamlaza mwenzao Numbi humo, wakampangia vyungu pembeni. Séraphin aliwaona, lakini alibaki ameketi kizingitini. Miguu ilikuwa ikimuuma.

"Numbi, usicheke! Mufu hachekake!"

Mama yake Numbi, Dorothée Ndaya, alikuwa akipita kutoka kisimani. Akatua ndoo.

"Mwalimu, minyi nilikuletea mutoto asome. Weye unamuzika?"

"Ni muchezo, mama."

"Kufa haiko muchezo! Weye njo mukubwa wao, weye njo umemulaza. Umwite mbele ya bantu, umupake pemba."

Kwa wazee wetu, mtu mwenye afya aliyelazwa kama maiti hainuki hivi hivi. Aliyemlaza humpaka pemba, ule udongo mweupe, na kumwita kwa jina mpaka arudi. Lakini mwalimu wa misheni akishika pemba, kwa mapadri huo ni upagani, na kazi yake imekwisha. Asipoishika, na mtoto akaugua hata homa ndogo, jina la mlozi litakuwa lake na la watoto wetu.

Nilimshauri amwone padri kwanza.

"Padri atasema ni upuuzi," akajibu, "na mtoto hali chakula."

Ilikuwa kweli. Tangu atolewe mtumbwini, Numbi alikuwa amejikunja mkekani.

Kesho yake, wanafunzi wakiwa mstarini na Dorothée akiwapo, Séraphin alimpaka Numbi pemba kwenye paji la uso. Mkuu wa shule alikuwa amesimama mlangoni, anatazama.

"Numbi, mwana wa Ndaya, toka mtumbwini humo. Rudi kwetu," Séraphin akaita.

Mtoto akamgeukia mama yake. "Mama, bukari iko?"

Kusikia mwanawe anataka ugali, Dorothée akalia na kucheka pamoja.

Juma lile lile Séraphin aliambiwa ahamie Kaniama, darasa la watoto wadogo, mshahara umepunguzwa. Hakubishana. Dorothée alitubebea godoro mpaka stesheni.

"Baba mwalimu, bakisema mubaya juu yako, minyi nitabajibu."

"Asante, mama. Mpe Numbi ale."

Huo ndio ulozi wake wote. Alipokaa kwenye benchi la treni alifungua kola, akaegemeza kichwa dirishani, na kabla hatujaondoka Kamina alikuwa amelala.